Napiga picha za mbwa na paka Dar, kamera ninayo, wateja ndio siwaoni. Wanapatikanaje?

Fundi Taa (mleta uzi)

Wakuu habari za mida hii,

Mimi ni mpiga picha, makazi Tabata, mkate wangu miaka yote umekuwa harusi, send-off na kitchen party. Wote mnajua kulivyojaa huko, kila mtaa una vijana wenye kamera na droni, bei imeshuka mpaka mtu unakesha ukumbini halafu kamati inakuzungusha hela iliyobaki utadhani umewakopa. Sasa nina kitu napenda mwenyewe toka moyoni, picha za wanyama wa nyumbani, mbwa hasa na paka pia. Nikaona nikifanye biashara ya pembeni, ikikaa vizuri niachane na kumbi.

Vifaa sio tatizo. Nina Canon 6D mtumba ila mzima, na lenzi za 50mm na 85mm. Nimefungua ukurasa insta, nimewapiga mbwa wa majirani na wa mjomba wangu Mbezi, picha zimetoka vizuri watu wanalaiki, wanaweka vimoyo, wanaandika jamani kazuri, baada ya hapo kimya. Bei nimeweka elfu 60, namfuata mteja alipo, namkabidhi picha kumi zimeeditiwa, kuprinti ni juu yake.

Kuna aliyeifanya hii kazi hapa mjini au hata nje ya Dar? Wateja mnawatoa wapi? Nilishajaribu kulipia tangazo, simu zikaja za watu wanaouliza mbwa anauzwa bei gani.

Bwana Kejeli

Mkuu bongo hii mtu ana mtoto yupo darasa la nne hajawahi kumprinti hata picha moja zaidi ya paspoti saizi, leo akulipe elfu 60 umpigie Simba na Popi? Rudi kwenye send-off kijana, huko angalau pilau unakula.

mchepuko wa Goba

Nakaa siti ya mbele hapa, nasubiri madini

Fundi Taa

Bwana Kejeli pilau nimelila mpaka nimelichoka kaka 😂

Lenzi Chafu

Fundi Taa mimi nipo kwenye hii kitu muda kidogo, sio tajiri ila kodi inalipwa na mbwa, ngoja nikae vizuri nikuandikie.

Wewe unachanganya watu wa aina mbili. Wanaopenda mbwa wao Dar ni wengi sana, wanaotaka picha wiki hii ni wachache na hela iko kwa hao wachache. Insta inakuletea lile kundi la kwanza. Mtu yuko kitandani saa 5 usiku anaona mbwa kachekacheka, anaweka moyo, anaendelea na maisha, yaani hana haraka, mbwa wake yupo na kesho atakuwepo, kwanini akulipe leo? Kwa hiyo usitafute mtu anayependa mbwa, tafuta mtu ambaye tarehe inamkimbiza.

Wa kwanza ni anayeondoka nchini. Wale wa balozi, mashirika, walimu wa shule za kimataifa, mikataba yao mingi inaisha shule zikifungwa mwezi wa 6 na wa 7. Wengi wanaondoka na mbwa wao na hapo ndo pana mchongo ambao wapiga picha hawaujui. Tanzania haipo kwenye ile orodha ya nchi ambazo Ulaya wanazipokelea mbwa kirahisi kwa sababu ya kichaa cha mbwa, so mbwa anayetoka hapa kwenda kule anawekewa kwanza maikrochipu, anachanjwa, zikipita siku 30 ndo anatolewa damu ikapimwe kinga kwenye maabara wanayoikubali, majibu yasiwe chini ya 0.5 IU kwa mililita, halafu toka siku aliyotolewa damu anasubiri tena miezi mitatu ndo aruhusiwe kuingia. Uingereza mwendo ni huohuo. Piga hesabu, mtu wa kusafiri na mbwa mwezi wa 7 alishaonekana kwa dokta toka mwezi wa 2 au wa 3. Wewe unahangaika na tangazo wakati kliniki za Masaki na Mikocheni wanajua nani anaondoka miezi minne kabla.

Na huyu mtu anataka nini? Hataki mbwa kwenye studio na kitambaa cheupe nyuma, hiyo ataipata kwao. Anataka mbwa na Dar. Mbwa kwenye mchanga bahari ikiwa imekupwa, mbwa kalala barazani kwenye sakafu ya baridi, mbwa na mlinzi. Narudia, MBWA NA MLINZI, na mbwa na dada wa kazi, maana hao ndo wamemlea, bosi alikuwa kazini. Nimeona mama wa kizungu analia kwa sababu ya picha ya mzee wa getini kakaa kwenye kiti chake cha plastiki mbwa kamwekea kichwa mguuni. Hiyo haikuwa hata kwenye mpango, niliipiga nasubiri familia wavae. Wakaagiza kubwa ya ukutani na moja ya mzee mwenyewe, mzee nikampelekea ikiwa kwenye fremu.

Kuna na wale wanaoondoka bila mbwa, hao wanamtafutia mtu wa kumchukua. Picha nzuri inamsaidia mbwa apate nyumba mapema, hao nawatoza kidogo au simtozi kabisa, ila kumbuka marafiki zao wote wanaopokea lile tangazo wanaona jina lako.

Wa pili ni mfugaji anayeuza. Mbwa wa mbegu kama jemani, roti, boerboel, japanizi spitzi, nenda Goba, Madale, Kigamboni, wako kibao. Angalia stetasi zao za WhatsApp, papi anauzwa laki kadhaa ila picha imepigwa usiku kwa simu, mtoto wa mbwa macho kijani kama jini, nyuma ndoo na bati lenye kutu. Huyu ukimwambia 'picha za kumbukumbu' atakucheka. Mwambie picha zitakazomtoa papi kwa bei anayoitaka. Papi wanapigwa picha wakiwa na wiki 5 mpaka 7, wameshachangamka ila bado hawajaondoka, mmoja mmoja kwenye mwanga uleule, halafu baba na mama yao wamesimama vizuri. Bei yangu ni kwa uzazi mzima sio kwa kichwa. Na akizalisha tena anarudi mwenyewe, wakati familia ya kawaida inakuita mara moja ndo imetoka hiyo.

Nimechoka kuandika, maswali uliza.

mchepuko wa Goba

Hii ndo JamiiForums ninayoijua mimi, mkuu ubarikiwe

Fundi Taa

Lenzi Chafu shikamoo kaka, maana hapa umenifundisha bure. Ila suala la kliniki, nilishapita mbili tatu nikaacha kadi mapokezi, dada akazipokea vizuri tu na tabasamu, mpaka leo hakuna hata simu moja. Wewe uliingiaje?

dokta_kwato

Nimeona uzi nikaona nichangie maana mimi nakaa upande wa pili wa hiyo meza, ni daktari wa mifugo, kliniki ya wanyama wadogo.

Kijana kadi yako iko kwenye droo pamoja na za muuza chakula cha mbwa, fundi wa vibanda, mtu wa kuogesha mbwa, mtu wa kutoa kunguni, na za wachungaji wawili. Hakuna aliyekuchukia, ila yule dada wa mapokezi anapokea simu, anashika paka anayetaka kukimbia, anatoa risiti, hawezi kukumbuka kumwambia mteja habari zako.

Nikwambie kilichofanya kazi kwangu. Alikuja binti mmoja mpiga picha, hakuleta kadi. Akaniuliza mbwa gani wateja wote wanamjua hapa. Tuna mmoja mzee wa miguu mitatu, aligongwa na gari akapona, kila mtu anamuulizia. Akaomba ruhusa kwa mwenye mbwa, akampiga, akarudi na picha kubwa kwenye fremu, jina lake dogo pale chini. Sasa fikiria mteja anakaa kwenye benchi anasubiri, ukutani alikuwa anaangalia bango la minyoo, lile la kampuni ya dawa lenye picha ya utumbo. Leo anaangalia mbwa mzuri. Anauliza mwenyewe hii kapiga nani, na mimi natoa namba kwa kuwa nimeulizwa. Nimempa hela ya fremu ya pili, alinidai na aliifanyia kazi.

Kitu usiombe kabisa ni orodha ya namba za wateja. Kuna wanaokuja na bahasha, dokta nipe namba za wenye mbwa nikupe asilimia. Siwezi, hizo ni taarifa za watu na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi toka 2022, na hata isingekuwepo ningekuwa mjinga kuuza imani ya wateja wangu kwa elfu kumi kumi.

Halafu Lenzi Chafu kataja wawili, mimi nina wa tatu ambaye wewe huwezi kumwona ila mimi namwona kila wiki. Mbwa wakubwa wa mwili wanazeeka mapema, boerboel au jemani akifika miaka 8 huyo ni mzee. Siku namwambia mwenye mbwa kwamba moyo umechoka au uvimbe umesambaa, huyo mtu hafikirii picha saa hiyo, anakuja kufikiria wiki mbili baadaye, wakati mwingine akiwa amechelewa. Huyu haombwi wala hauziwi. Mimi huwa nasema tu kuna mtu anapiga picha nyumbani kwa utulivu ukihitaji, basi. Ukiletewa mteja wa hivi usimpandishie bei, usimharakishe, na usiposti chochote mpaka akwambie mwenyewe.

La mwisho ni usalama. Kabla hujalala chini mbele ya mbwa wa mtu uliza cheti cha chanjo ya kichaa, kinaonyesha tarehe. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili ukiangalia saa, kisha hospitali siku hiyohiyo, habari za kupaka pilipili na mafuta ya taa achaneni nazo. Kichaa kikishaonyesha dalili hakina dawa.

Fundi Taa

Dokta nashukuru sana. Hapo kwa bango la minyoo nimecheka maana kweli lipo kila kliniki niliyoingia.

Bwana Kejeli

Kumbe kuna watu wanalia kwa picha ya mbwa na mlinzi. Dunia ina mambo. Mlinzi wetu hapa mtaani mbwa akimwona anakimbia mlinzi.

shamba_boi Mbezi

Mi sio mpiga picha, natunza mbwa kwa mshua mmoja huku Mbezi Beach, jemani watatu. Niwape siri ya upande wetu. Mabosi wengi huku wamefuga mbwa kwa ulinzi, hawataki watu wajue nyumba ina mbwa wangapi, wako upande gani, wanafunguliwa saa ngapi. Alikuja kijana kapiga picha safi kabisa, akaposti, geti linaonekana, namba ya nyumba inaonekana, gari la bosi na namba zake zinaonekana, na akaweka lokesheni. Bosi alivyoona alitaka kunifukuza mimi niliyemfungulia geti! Na mbwa wa mbegu wanaibiwa, hilo lipo.

Kwa hiyo ukija kwa watu kama hawa sema mapema kabisa, bosi picha zako siposti, na nikiposti nyuma naweka ukuta mtupu au majani. Hilo neno tu linakufanya uaminike kuliko wenzako wote. Na msisahau sisi vijana wa kazi, bosi akitaka jambo la mbwa anatuuliza sisi, na nyinyi tuulizeni mjue yupi mkali yupi anaogopa mwavuli. Mkija mnatupita kama nguzo halafu mnashangaa mbwa hatulii.

Lenzi Chafu

shamba_boi umesema kweli tupu. Mimi nikifika kwa mtu wa kwanza kumsalimia ni anayemlisha mbwa. Yeye ndo anajua neno la kumfanya mbwa asimamishe masikio, kwa mmoja ni 'nyama', kwa mwingine ni sauti ya funguo za gari.

Fundi Taa umeuliza niliingiaje kliniki, ni kama alivyosema dokta, picha ukutani. Ila niliongeza kuwapiga picha wenyewe, dokta na wasaidizi wake wakiwa kazini, wakazitumia kwenye ukurasa wao. Kuna watu watakwambia usipige bure utaharibu soko. Mimi nasema usipige bure kwa mteja, piga bure kwa mwenye njia ya wateja, tena mara moja na kwa makubaliano.

pesa mkononi

Napinga hapo kwenye bure. Ukianza bure hata kwa kliniki kesho wanataka kalenda bure, keshokutwa video bure. Bora awauzie kwa nusu bei, karatasi isainiwe. Mimi napiga picha za bidhaa na nimeona hii sinema.

Lenzi Chafu

Nusu bei pia sawa, tusigombane. Ila kliniki ndogo ukiipelekea invoisi siku ya kwanza hujulikani hata jina, sijui.

MamaPaka Unguja

Asalaam aleikum jamani, naona mbwa mbwa mbwa, paka hawana haki zao?

Mimi nipo Unguja, mjini hapa, na niwaambie soko mnalolipita kila siku. Ukanda huu wa pwani nyumba nyingi za Kiislamu mbwa haingii ndani, ila paka si najisi, paka yupo kila nyumba, analala kitandani, anakula samaki kabla ya baba. Na siku hizi kuna wa kununua, wale wa manyoya marefu wa Kiajemi, watu wanawatunza utasema bi harusi. Sijawahi kuona mpiga picha hata mmoja anawalenga watu hawa kwa Kiswahili, wote kurasa zao Kiingereza kitupu na mbwa juu ya nyasi.

Lakini paka haendi kwenye studio, wala ufukweni, ukimtoa nje tu umempoteza. Kazi ni nyumbani. Uje, ukae chini, kamera uiweke sakafuni aje ainuse mwenyewe, unywe chai kwanza. Flashi sahau. Kaa karibu na dirisha asubuhi.

Na adabu ya kuingia nyumba za watu muijue. Ukiwa mwanamume peke yako na mwenye nyumba hayupo, hapo kazi haipo, hata kama mwenyewe kakuita. Njoo na dada yako au mkeo awe ndo anaongea na wanawake wa nyumba. Tena mtu ukimwambia nakupigia picha ya paka elfu 60 atakushangaa, ila ukimwambia nakupigia watoto siku ya Idi wamevaa nguo mpya na paka wao yupo katikati, hiyo baba mwenyewe anatoa hela. Bili ni ya familia, paka anaingia humohumo.

Fundi Taa

Bi MamaPaka waaleikum salaam. Hilo la Idi sikuwahi kuliwaza kabisa wakati hapa Tabata na Ilala nyumba za hivyo ninazo jirani. Mke wangu anajua kuongea na watu kuliko mimi, nitamwingiza kazini.

Kanairo Flani

Sasa wakuu wa bongo, salamu kutoka Nairobi. Huku iko mwanga kidogo juu watu wa mbwa wana mahali pa kupatana. Msitu wa Karura wanaruhusu mbwa bora umemfunga kamba, Jumamosi na Jumapili asubuhi unapata wenye mbwa kibao wanatembea. Mimi sikuwa nauza kitu pale, nilikuwa natembea na mbwa wangu tu, kamera ndogo, nikiongea na watu. Ile kamera kubwa ya kazi uliza ofisini kwanza kabla uitoe, usifukuzwe.

Halafu iko maonyesho ya mbwa ya East Africa Kennel Club, pale ndio unakutana na wafugaji serious wenye makaratasi. Hao hawataki mbwa akicheka na ulimi nje. Wanataka mbwa amesimamishwa kiubavu, miguu yote minne inaonekana, mgongo unaonekana ulivyonyooka, kamera iko urefu wa kifua cha mbwa sio juu. Ukimpiga kutoka juu miguu inakuwa mifupi na mwenyewe anakasirika. Jifunze hiyo pozi moja na utapata kazi. Mimi hupiga kila mbwa na namba yake ya ulingoni, jioni natuma picha ndogo kwa mwenyewe kama ameniachia namba, akitaka kubwa analipa M-Pesa. Wengine hulipa wakiwa bado kwa parking.

Kama hauna show karibu nenda kwa shelta. Huku ni KSPCA, chama cha kutetea wanyama kule Karen, kwenu kuna TAWESO hapo Dar, nao ni watu wa ustawi wa wanyama. Mbwa na paka wanaotafuta nyumba wanahitaji picha safi, na watu wanaokuja kuchukua mnyama ndio hao hao watakuwa na mbwa nyumbani miaka kumi ijayo. Usiende na roho ya biashara siku ya kwanza lakini, wanakusoma haraka sana.

dokta_kwato

Kanairo Flani umenikumbusha. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani na tarehe 4 Oktoba ni Siku ya Wanyama Duniani, zimekaa karibu karibu. Kipindi hicho maeneo mengi kunakuwa na chanjo, unaona foleni ya watoto wameshika mbwa kwa kamba za katani na vipande vya kanga. Hakuna atakayekulipa pale, nakwambia ukweli. Ila ofisi ya mifugo ya halmashauri inahitaji picha nzuri za lile zoezi, omba ruhusa kwao mapema. Na watoto ni wa watu, uliza mzazi kabla ya kuwaposti.

macho manne

Swali la kiufundi nje ya mada kidogo. Mbwa mweusi mbona anatoka kama kivuli chenye macho, au nikiongeza mwanga anakuwa kijivu? Roti wangu sina picha nzuri hata moja.

Lenzi Chafu

Kamera ikiona cheusi kimejaza fremu inadhani giza, inaongeza mwanga, ndo anakuwa kijivu. Shusha mwanga kidogo wewe mwenyewe kwenye exposure ya kamera, theluthi mbili ya stopu au stopu moja. Halafu mtoe kwenye jua kali, mpeleke kwenye kivuli kilicho karibu na uwazi ili manyoya yapate mng'ao kutoka ubavuni. Mlengo uwe kwenye jicho. Akiwa anakimbia spidi ya shata isishuke chini ya sekunde 1/1000. Saa 6 mchana usimpige kabisa, sio kwa sababu ya picha tu, mbwa mweusi kwenye jua la Dar anateseka. Asubuhi kabla ya saa 2 au jioni saa 11.

Fundi Taa na wewe hapo hapo, kuna mtu alikuuliza kitu kwenye insta kama hiki ukamjibu? Maswali ya hivi ndo yanaleta watu kuliko picha. Na ile profaili ya Google ya biashara fungua leo, ni bure, andika Kiingereza na Kiswahili, taja na maeneo unayofika. Mtu wa Masaki akitaka mpiga picha wa mbwa anaandika Google kwa Kiingereza, haendi kusaka insta. Kila mteja akimaliza kazi muombe aandike neno pale, usisubiri akumbuke.

Fundi Taa

Google sina, naifungua usiku huu. Na bei kaka? Elfu 60 ni ndogo au ndo wanaikimbia?

Lenzi Chafu

Haikimbiwi, haieleweki. Umeweka bei moja kwa watu wote. Mzungu anayeondoka akiona elfu 60 anaogopa, anadhani ni mtoto wa shule, yeye anataka albamu na kubwa ya ukutani mpe bei ya vyote hivyo. Kuprinti usimwachie mteja, hatoprinti kamwe, zitalala kwenye simu na simu itaibiwa. Mfugaji mpe bei ya uzazi mzima. Familia ya Idi muulize Bi MamaPaka. Na advansi nusu kabla hujapanda bodaboda, kwa lipa namba, mteja makini hakatai. Asiyetuma atakupigia saa 12 asubuhi mbwa kaharisha tuahirishe, na nauli yako imeshaenda.

Bwana Kejeli

Nimesoma mpaka hapa. Nina jirani anafuga boerboel, wamezaa majuzi, stetasi zake kweli ni za usiku, watoto macho kijani. Nimpe namba yako Fundi Taa? Ila mimi nataka kumi yangu.

Fundi Taa

Kejeli si ulisema nirudi kwenye pilau? 😂 Nipe kaka, kumi yako ipo ila akilipa. Nakufuata inbox.

Kuchi Original

Samahani nimechelewa kwenye uzi, mimi sina mbwa wala paka, nafuga kuku wa mbegu huku Chanika, kuchi na brahma. Wateja wangu wako Mwanza, Arusha, mpaka Mbeya, jogoo anasafirishwa na basi. Kila nikituma picha mtu anasema jogoo mdogo, akifika anashangaa mbona mkubwa hivi, nusu ya wateja nawapoteza hapohapo kwenye picha. Na mwezi wa 8 nataka kwenda maonyesho ya wakulima ya Nane Nane Morogoro na bango. Fundi Taa kuku unapiga au unachagua wanyama?

Lenzi Chafu

Fundi Taa hiyo ndo tarehe inayomkimbiza mtu, nilikwambia. Jogoo mpige ameshikwa na mtu mzima, mikono ionekane, hapo ukubwa haubishaniwi. Na kaklipu kafupi anatembea.

Fundi Taa

Kuchi Original napiga mkuu, napiga kabisa. Wako wangapi?

Kuchi Original

Majogoo kumi na mbili, mitetea sikumbuki. Ila majogoo usiwaweke pamoja, watauana.

Fundi Taa

Basi Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi niko Chanika, tunampiga mmoja mmoja wengine wakiwa wamefungiwa. Mitetea na wewe ihesabu ili nikupe bei moja ya banda zima.

Lenzi Chafu

Advansi.

Fundi Taa

Namtumia lipa namba inbox sasa hivi kaka 🙏